Ghuba Yetu na Samaki Waliokufa Bila Majina



Wapendwa wasomaji, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni mwa sakristia. Uso wake ulionyesha kwamba swali alilokuwa nalo lilikuwa limemsumbua kwa siku kadhaa. Alikuwa ametazama katika simu yake filamu juu ya nchi ya Ekuador, huko Amerika ya Kusini: milima yenye theluji karibu kabisa na ikweta, msitu wa Amazon, wenyeji wa asili wenye lugha na mavazi yao, kisha visiwa vya Galápagos ambako Mwingereza Charles Darwin alishuka mwaka 1835 na kukuta ndege na kobe waliomshangaza. "Baba," aliniuliza, "mbona Mungu aliwajalia wenzetu mambo mengi namna ile mahali pamoja, nasi hapa Sengerema akatupa sangara na dagaa tu?"

Nilimjibu kwa haraka, kwa maana watoto wa Komunyo ya kwanza walikuwa wakinisubiri, na jibu la haraka mara nyingi ni jibu baya. Nilimwambia kwamba nasi tunayo Serengeti na Kilimanjaro. Nilipokuwa narudi nyumbani nilitambua kuwa nimemkosea kijana yule. Hakuniuliza habari za Kilimanjaro. Aliniuliza habari za hapa. Basi ukurasa wa juma hili ni jibu ambalo ningepaswa kumpa, na kwa kuwa limekuwa refu, naomba mnivumilie.

Ekuador inastahili sifa zake. Lakini wale ndege wadogo wa Galápagos, ambao vitabu vya sayansi duniani kote huwataja kwa heshima kubwa, hawafiki aina 20. Katika Ghuba ya Mwanza peke yake, haya maji tunayoyavuka kwenda kununua mabati mjini, watafiti walihesabu zaidi ya aina 100 za samaki wa jamii moja tu. Jamii hiyo ni furu.

Najua wasomaji wangu wenye umri mkubwa wametabasamu. Furu! Samaki wa watoto, samaki wa miiba, aliyekuwa akitungwa katika vijiti na kukaushwa juani, ambaye mgeni wa heshima hakuandaliwa. Nami nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo nilimkuta anaondoka. Nakumbuka bibi yangu akinung'unika kwamba mboga imekuwa ya shida, na siku ile baba alipoleta kipande kikubwa cheupe cha samaki mgeni, bibi alikataa kukigusa. Alisema samaki mwenye mafuta kiasi kile lazima amekula mtu.

Historia ya furu ni ndefu kuliko ya kabila lolote la hapa, ingawa kwa hesabu ya dunia ni fupi mno. Wataalamu waliochimbua tope la chini ya ziwa waligundua kuwa yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kabisa au karibu kabisa. Mahali tunapovua leo palikuwa mbuga. Mvua ziliporudi na maji yakajaa tena, samaki wachache walioingia kutoka katika mito na vijito walikuta nyumba kubwa isiyo na wenyewe, yenye miamba, mchanga, matete, vilindi na ghuba. Mwaka 2017 wachunguzi wa chembe za urithi walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa furu wa ziwa letu ni uzao wa mchanganyiko wa koo mbili za samaki zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu kabla ya kukutana. Kutokana na mchanganyiko ule zilipatikana aina zaidi ya 500. Wapo waliokuwa wakikwangua ukoga juu ya mawe, wapo waliovunja konokono kwa meno ya koo, waliokula wadudu wa topeni, waliokula samaki wenzao, waliokula magamba ya wenzao. Furu jike hulea mayai na watoto kinywani mwake. Basi walikuwapo furu wengine ambao kazi yao maishani ilikuwa kumbana mama huyo mpaka ateme watoto, wapate kuwala. (Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kutembea.)

Wavuvi wengi waliwaita wote kwa jina moja, na sioni sababu ya kuwalaumu. Aina nyingi zilifanana kiasi kwamba hata mabingwa walihitaji kuhesabu meno kwa darubini. Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi ya kudumu katika ghuba yetu, wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania waliokuwa Nyegezi. Walivuta nyavu, wakapanga samaki kwa mafungu, wakachora, wakapima. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya miaka ile. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais, watafiti Els Witte-Maas na Frans Witte walitangaza rasmi aina mpya ya furu wa miambani na kumpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume wake ana mgongo mwekundu, mbavu za manjano na mistari meusi. Ndugu yake wa karibu ana rangi ya samawati iliyofifia, naye pia ana mistari. Hatimaye wote wawili waliwekwa katika jenasi inayoitwa Pundamilia. Ndivyo ilivyo, wapendwa: katika orodha za sayansi zinazosomwa Tokyo na Berlin, samaki wa ghuba yetu wanaitwa kwa neno la Kiswahili na kwa jina la Baba wa Taifa, nasi tuliokulia kando ya maji hayo tunadhani hapa hapakuwa na kitu.

Sasa nifike kwenye msiba.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Asili yake ni maji mengine, kama vile Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Mwaka 1929 mtaalamu wa uvuvi Michael Graham, aliyekuwa amefanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa ziwa zima, aliandika waziwazi kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine kungekuwa na hatari kubwa mno. Hakusikilizwa. Maofisa wa ukoloni waliwaona furu kuwa takataka yenye miiba, wakafikiri ni busara kumleta samaki atakayeigeuza takataka hiyo kuwa nyama nzuri, ya kuliwa na ya kuuzwa. Sangara wa kwanza walitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, tena kimyakimya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakatiwa hadharani Uganda na Kenya. Kwa miaka kama ishirini hakuna kilichoonekana kubadilika sana. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na hapa kwetu kati ya mwaka 1983 na 1986, sangara waliongezeka ghafla. Kabla yao furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa ziwa. Mnamo mwaka 1987 wavu uliovutwa katika vilindi vya ghuba yetu ulitoka karibu bila furu. Inakadiriwa kuwa aina kama 200 zilitoweka. Nyingi miongoni mwa hizo hazikuwa zimepewa jina na mtu yeyote, wala kwa Kilatini wala kwa Kizinza.

Hapo ndipo moyo wangu husimama. Sisi tuliosoma seminari tulifundishwa kulitafakari simulizi la Mwanzo ambamo mtu wa kwanza aliletewa wanyama ili awape majina. Kazi ile, katika ghuba hii, ilikuwa bado haijaisha. Kwa baadhi yao kilichobaki ni samaki mmoja au wawili ndani ya chupa ya dawa katika makumbusho ya Uholanzi, na namba iliyobandikwa juu ya kioo.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Sangara alijenga nyumba za mabati Sengerema na Buchosa. Alilipa karo. Viwanda vya minofu vya Mwanza vimeajiri watoto wetu tangu miaka ya 1990, na hata mapanki na mabondo yana soko lake. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Mwaustria Hubert Sauper, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoonyesha biashara hiyo kwa sura ya kutisha, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Nilikuwa kijana wakati huo na nakumbuka mabishano yale. Watu waligombana juu ya ndege za mizigo na mapanki, lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza furu wamekwenda wapi. Mimi siwezi kusimama mimbarani kumlaani samaki aliyenisomesha. Naweza tu kusema kwamba hesabu ya faida ilifanywa na watu ambao hawakujua ni nini kilichokuwa kinauzwa.

Tena sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Tulikata miti ya vilimani, udongo ukashuka na mvua. Mbolea na maji machafu ya miji yakaongeza mwani. Maji yakawa ya kijani na mazito. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha jambo walilolishuhudia miongoni mwa furu wa miambani wa sehemu hizi hizi. Furu jike humtambua mume wa aina yake kwa rangi. Katika maji maangavu, yule mwekundu na yule wa samawati huishi jiwe moja bila kuchanganyika. Mahali ambapo maji yamechafuka, mwanga unaofika chini hautoshi kuonyesha rangi hizo. Jike hawezi tena kuchagua, aina mbili huzaliana na kuwa moja, na madume wenyewe hufifia. Hakuna aliyeliwa na hakuna aliyevuliwa, bali aina zimepungua.

Nisiwaache na huzuni tupu. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wamerudi. Yuko mmoja ambaye jina lake la kitaalamu lina maana ya mwenye kichwa cha rangi ya moto. Alikaribia kutoweka, kisha akarudi kwa wingi, akiwa na mashavu ya kupumulia makubwa zaidi kuliko ya babu zake, kwa kuwa maji ya sasa yana hewa kidogo. Amebadilika ndani ya miaka isiyotosha kumfikisha mtu uzeeni.

Lakini kijana wangu hakusifia ndege na milima tu. Alivutiwa pia na watu wa Ekuador, lugha zao na mavazi yao, na hapo vilevile alidhani sisi tu maskini. Basi tuondoke majini tupande ufukweni.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 tunavuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kwa dakika chache. Aliyewahi kukaa usiku kwenye foleni ya kivuko akiwa na mgonjwa garini hahitaji kuhubiriwa juu ya wema wa daraja hilo. Nakiri hata hivyo kwamba kivuko kilikuwa na jambo moja ambalo daraja halina. Ukiwa umesimama pale kwa saa nzima ulisikia lugha. Kisukuma cha wafanyabiashara wa ng'ombe, Kijita na Kikara cha wavuvi, Kikerewe, Kihaya cha wasafiri wa Bukoba, Kijaluo, Kiha cha vibarua, na pengine, kwa sauti ya chini, Kizinza. Sasa kila mtu anapita ndani ya gari lake, vioo vikiwa vimefungwa.

Mwingiliano huo haukuanza na vivuko. Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake, ziwa lilikuwa na majina tayari, na Nyanza lilikuwa mojawapo, neno ambalo maana yake ni ziwa tu. Alipopita tena mwaka 1861 alicheleweshwa kwa majuma mengi katika Uzinza, kwa sababu watawala wa nchi hiyo walijua thamani ya njia yao na walidai ushuru wao. Mzinza alimwita mtawala wake Omukama, kama walivyofanya Wahaya na Wakerewe; Msukuma wa ng'ambo ya ghuba alimwita Ntemi. Upande huu lugha zilikuwa ndugu za zile za Karagwe na Ihangiro. Upande ule zilikuwa za Unyamwezi. Ghuba ilikuwa mpaka, na mpaka ulikuwa soko. Wafua chuma wa kusini mwa Uzinza, waitwao Barongo, walitengeneza majembe yaliyouzwa Usukuma na mbali zaidi. Mitumbwi ya Wakerewe ilibeba nafaka na pembe. Huko Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi sana, wakulima waliwafunga ng'ombe ndani na kuwakatia majani, wakakusanya samadi na kuirudisha shambani, wakajenga kingo za mawe ili mvua isibebe udongo. Maofisa wa kilimo wa Kiingereza walipofika huko walikuwa na ya kujifunza kuliko ya kufundisha.

Hata historia ya Kanisa letu ni ya mchanganyiko huo. Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadri Weupe, walilifikia ziwa mwishoni mwa mwaka 1878. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi, wakafika Uganda mwezi Februari 1879. Kabaka Mutesa alipowaletea mashaka, waliondoka Buganda mwaka 1882, wakavuka kuja kusini na kuanzisha misioni ya Bukumbi, pale ng'ambo, si mbali na mahali daraja linapoanzia. Kisha likatokea jambo ambalo mwandishi wa hadithi angeogopa kulibuni. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga, yule yule aliyeamuru kuuawa kwa Mashahidi wa Uganda, alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa hadi Magu, na hatimaye akaja kuomba hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi. Alipokewa. Waganda Wakristo waliokimbia vita walikuwa pale pia, pamoja na watu waliokombolewa utumwani wa makabila mbalimbali. Hebu wazieni Misa ya Dominika mahali pale, ukizingatia kwamba kila kundi lilikuwa na sababu ya kuliogopa kundi jingine.

Mapadri wale wa mwanzo waliandika sarufi na kamusi za lugha za wenyeji, na kwa hilo tunawadai shukrani. Baadhi yao walikataza pia ngoma na matambiko ambayo hawakuyaelewa, na hilo tusilifiche. Marekebisho yalikuja kwa kuchelewa. Kutoka miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada, aliishi Bujora akawasikiliza wazee, akakusanya ngoma na vitu vya watemi, akajenga kanisa lenye alama za Kisukuma, na katika miaka ya 1960 makumbusho ikasimama kando yake. Sherehe ya Bulabo, ambamo Bagika na Bagalu hushindana kucheza, alifungamanisha na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Sisi Wasukuma tulipata bahati hiyo. Wazinza hawakupata Padri Clement wao.

Wakerewe walimpata wa kwao wenyewe. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika misioni ya Kagunguli na seminari ya Rubya. Alipoona desturi za kisiwa chake zinasahauliwa, aliandika kwa Kikerewe, akitiwa moyo na Padri Almas Simard, riwaya ndefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliotamani mtoto na wasimpate kwa miaka mingi. Aliimaliza mwaka 1945. Ndani yake mna kila kitu: jinsi ya kumposa binti, kutengeneza pombe, kumzika mtu, dawa za miti, uvuvi, salamu za asubuhi na za jioni. Hakuna mchapishaji aliyekubali kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache namna ile. Basi mzee, mgonjwa wa viungo, akakaa chini na kuitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa. Kitabu kilichapishwa Dar es Salaam kikiwa na tarehe ya mwaka 1980. Yeye aliaga dunia mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Huwa nawauliza walimu wanaokuja kwangu kama wamekisoma. Wengi wanakijua kwa jina, na baadhi yao hudhani ni hadithi ya watoto.

Kiswahili kilimwokoa Kitereza, na sitasema neno baya juu ya Kiswahili, lugha ninayoiandikia na ninayoisalia. Lakini angalieni alilolazimika kufanya.

Nafika sasa mahali pagumu. Babu yangu alikuwa Msukuma aliyevuka Busisi na ng'ombe wake katika miaka ya 1950, wakati Waingereza, kwa mpango wao wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, walipokuwa wakiwahimiza watu wahamie upande wa Geita na Uzinza kwa kuwa ardhi ya kwao ilikuwa imejaa. Mapori yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, pamba ikapandwa, na ndani ya kizazi kimoja Kisukuma kikawa lugha ya minada na ya nyimbo zetu kanisani. Sitaki mtu aelewe kwamba namfananisha babu yangu na sangara. Watu si samaki; hakuna aliyemla mwenzake hapa, tulioana na kuzikana, na parokia nyingi za Jimbo letu la Geita zisingekuwapo bila wahamiaji wale. Kama kuna samaki ninayemkumbuka, ni yule mwekundu na yule wa samawati, katika maji ambamo rangi haionekani.

Miaka michache iliyopita niliitwa katika kigango kimoja cha ufukweni kumpaka mafuta bibi mmoja Mzinza, mwenye umri mkubwa sana. (Sisimulii maungamo, msiwe na shaka, ni mazungumzo ya kawaida mbele ya jamaa zake.) Nilimwamkia shikamoo. Alinijibu kwa Kiswahili mara mbili au tatu, kisha, kama inavyowatokea wagonjwa wengi, Kiswahili kilimtoka akabaki na lugha ya utoto wake. Alisema maneno mengi akinishika mkono, kwa utaratibu, kama mtu anayeagiza jambo. Niligeuka kwa mjukuu wake, kijana wa Sekondari, nikamwomba atafsiri. Aliinamisha kichwa. "Baba, naelewa kidogo tu. Anataja maji." Mama yake kijana alikuwa Mwanza siku hiyo. Nilifanya yote ambayo Kanisa linanitaka nifanye, na bibi alifariki alfajiri. Alichoagiza hakijulikani. Nimehudumu upande huu wa ghuba kwa miaka mingi, najua Kilatini cha kutosha, Kiitaliano cha kuombea maji, na siku ile nilikuwa sijajifunza hata salamu ya Kizinza.

Tangu hapo ninalo daftari sakristiani. Lina safu nne: jina kwa Kizinza, kwa Kikerewe, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili. Tulianza na samaki kwa sababu wazee hupenda kuongea juu ya samaki kuliko juu yao wenyewe: ningu, hongwe, gogogo, domodomo, kamongo, mbiru, na furu wa kila sura wanaowakumbuka. Kuna wazee wawili wa kigango hicho ambao wamekuwa wakibishana tangu Kwaresima iliyopita kama jina fulani la Kizinza lilikuwa la samaki wa peke yake au la jike wa samaki mwingine. Mmoja anaapa kwamba alimwona mara ya mwisho kabla ya sangara. Mwenzake anasema bado yupo miambani na kwamba vijana hawamtambui.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, wamekubali kukutana mwaloni wakati mitumbwi inarudi, waangalie kilichomo nyavuni na kumaliza ugomvi wao. Mwenye baba au bibi anayekijua Kizinza na amlete. Kiti kitakuwepo na chai pia. Kijana wa kwaya ndiye atakayeshika kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu hausomeki.